Shajara ya mradi: chati ya ukoo ya Jelena wa Montenegro, binti aliyeozwa Italia

12 Januari 2025: tunaanza

Naandika hapa hatua kwa hatua ili mtu yeyote anayetaka kutengeneza chati ya ukutani ya ukoo wa kifalme, wa Ulaya au wa kwetu, asianzie sifuri. Yangu ni ya Jelena Petrović-Njegoš, binti aliyezaliwa Cetinje, kamji kadogo ka mlimani ambako ndo kalikuwa makao makuu ya Montenegro, akaozwa Italia mwaka 1896 na huko akawa malkia Elena. Chati itakaa kwenye chumba cha kusomea cha kikundi chetu, upana mita 2, kimo mita 1.5, na lazima isomeke na mtu aliyesimama hatua mbili tatu kutoka ukutani.

Kwanini yeye? Tulikuwa tunasoma habari za vita kuu ya kwanza na kila tukifungua ukurasa tunakutana na mashemeji. Mfalme wa Serbia kaoa kwa Nikola wa Montenegro, baba yake Jelena, mfalme wa Italia kaoa kwa Nikola, wakuu wawili wa Urusi, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nao wameoa kwa Nikola, na nchi yenyewe ilikuwa na watu kama laki mbili tu! Ulaya ikambandika mzee jina la baba mkwe wa Ulaya. Sasa kwenye kikundi kila mtu anauliza huyu ni nani kwa yule, ukieleza kwa mdomo baada ya dakika tano wamepotea wote, watu wanahitaji kuona mistari.

Nimeamua kila kisanduku kiwe na jina, alipozaliwa, alipofia, na dini. Dini nimeiweka mapema kabisa kwa sababu kwenye ndoa hizi ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kuwekwa mezani. Rasimu nachora kwenye manila kwa maka pen, ya mwisho itachorwa kwenye kompyuta kwa Inkscape ambayo ni ya bure.

26 Januari: mpangilio wa baba juu umegoma

Nimechora kama chati nyingi zinavyochorwa, Nikola na mkewe Milena Vukotić juu, watoto 12 chini yao, watoto wa kiume wanaendelea na matawi, wa kike kila mmoja anaishia na mstari mfupi wa "kaolewa na fulani". Ikatoka chati iliyokufa. Wavulana walikuwa watatu, Danilo hakupata mtoto, Petar hakupata mtoto, Mirko peke yake ndo kaacha uzao, kwa hiyo upande wa wavulana karatasi nyeupe tupu na upande wa mabinti tisa, ambako historia yote ya familia ilipitia, nafasi hamna.

Dawa ilikuwa kugeuza. Nikola na Milena nimewaweka katikati, mabinti wametoka kama miale kwenda pande nne kulingana na nchi walizoenda. Juu kulia Urusi: Milica kaolewa 1889 na Pyotr Nikolaevich, na Stana, yaani Anastasia, mwaka huohuo kaolewa na mtawala wa Leuchtenberg, wakaachana 1906, mwaka uliofuata akaolewa na Nikolai Nikolaevich, kaka yake Pyotr. Madada wawili kwa makaka wawili, na haohao madada ndo waliomfikisha Rasputin, yule Mrusi aliyesifika kama mtu wa Mungu, kwa Tsar, yaani mfalme wa Urusi. Kulia chini Serbia: Zorka, kifungua mimba, kaozwa 1883 akiwa na miaka 18 kwa Petar Karađorđević aliyekuwa anakaribia 40 na hana kiti wala nchi. Juu kushoto upande wa Ujerumani: Anna kaolewa 1897 na Franz Joseph wa Battenberg. Kushoto chini Italia: Jelena. Marija alifariki 1885 akiwa bado msichana, Sofija alifariki mchanga kabisa, Ksenija na Vjera hawakuolewa, hawa wanne wamekaa karibu na wazazi.

Kitu kimoja kimenigusa wakati naandika kisanduku cha mama. Milena alizaliwa 1847 na ndoa yake ni ya 1860. Miaka 13. Kwa hiyo mabinti hawa walilelewa na mama ambaye mwenyewe aliozwa mtoto kwa mipango ya wazee, na mimi sidhani unaweza kuelewa walivyokubali kwenda Petersburg na Roma bila kuanzia hapo. Nikauweka mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa ndoa yake kwa herufi nene.

Manila zilizotupwa hatua hii ni za 2,000. Ushauri: rasimu ya kwanza tumia vikaratasi vyenye gundi, kila mtu karatasi yake, unawahamisha unavyotaka bila kufuta.

9 Februari: mtu mmoja siku mbili za kuzaliwa

Hapa ndo kazi iliposimama muda mrefu. Jelena kwenye maandishi mengine kazaliwa 8 Januari 1873, kwenye mengine 27 Desemba 1872. Mwanzo unaweza kudhani kuna mtu kakosea, lakini zote mbili ni sawa. Montenegro, Serbia na Urusi zilikuwa bado zinatumia kalenda ya zamani ya Julius, wakati Italia na Ulaya ya magharibi wako kwenye ya Gregori, na tofauti karne ya 19 ni siku 12, karne ya 20 ni siku 13. Kwa Jelena tofauti hiyo inavuka mwaka mpya kwa hiyo mpaka mwaka unabadilika, ukihesabu umri wake siku ya harusi unaweza kupata majibu mawili.

Kanuni niliyoweka, na ninawashauri muifuate: chagua kalenda mpya kwa watu wote, na kila tarehe ya kabla ya 1919 kutoka upande wa Waorthodoksi iulize kwanza "wewe ni ya zamani au mpya?" kabla ya kuiandika. Ukikuta tarehe mbili zinapishana siku 12 au 13 kamili basi umeshapata jibu. Zikipishana siku moja au tatu hiyo ni kesi nyingine, tafuta tena, na usipopata uhakika andika mwezi na mwaka tu. Nimefanya hivyo kwa wachache na chati haijapungukiwa kitu.

Pia cheo. Watu wengi wanaandika "mfalme Nikola" kwenye harusi ya 1896 lakini wakati ule alikuwa mkuu wa nchi tu, ufalme kautangaza Agosti 1910. Kwa hiyo Jelena aliondoka kwao akiwa binti wa mtawala mdogo na sio binti wa mfalme, na huko Italia kuna waliomdharau kwa hilo, ukiandika cheo kikubwa mapema unaifuta hiyo dharau kwenye historia.

2 Machi: mstari wa ndoa ya 1896

Kwenye chati zote ndoa ni mstari mmoja, alama ya sawasawa, basi. Nimejaribu kuuacha hivyo nikaona hapana. Mstari ule unaonyesha kama vile mtu katoka kisanduku kimoja akaingia kingine, na hauonyeshi alichovua njiani. Kwa hiyo mstari wa Jelena na Vittorio Emanuele nimeufanya mnene, na juu yake nimeweka kikadi chenye maneno yasiyozidi 120. Kuyafikisha hapo ndo shughuli, nimeyakata mara nyingi sana. Haya ndo mambo yaliyogombania nafasi:

Kwanini Italia ilimtaka. Vittorio Emanuele, mrithi wa kiti, alizaliwa 1869 na wazazi wake, Umberto wa kwanza na Margherita, walikuwa mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi sana, kama mita 1.53, na miguu dhaifu, akawa mtu wa kujitenga na vitabu vyake na sarafu zake za kale. Watu wa ikulu walikuwa na hofu ya damu kurudiarudia, wakataka binti wa mbali, mwenye afya. Jelena alikuwa mrefu wa karibu mita 1.80, kakulia milimani, anawinda, anavua samaki, kasoma shule ya Smolny kule Petersburg. Waziri mkuu Francesco Crispi alikuwa mmoja wa walioisukuma ndoa hii, kwa sababu Montenegro iko ng'ambo tu ya bahari ya Adriatiki na Italia ilikuwa inautolea macho upande ule.

Walivyokutana. Walipangiwa. Venice 1895 kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa, halafu tena Moscow Mei 1896 kwenye kutawazwa kwa Tsar Nikolai wa pili. Agosti mwaka huohuo kijana kaenda Cetinje mwenyewe, posa ikatangazwa. Ninachopenda kuliandika bila kuficha ni kwamba huyu kijana alimpenda kweli, na ndoa ilidumu miaka 51 mpaka kifo, sasa msomaji asichukue kila ndoa ya mipango kama jela. Lakini mapenzi hayakupunguza bei.

Bei yenyewe. Oktoba 1896 Jelena alipanda meli Antivari, siku hizi Bar, akavuka Adriatiki akashuka Bari. Na siku hiyohiyo, tarehe 21, kabla hata hajafika Roma, kaingizwa kwenye kanisa la San Nicola akaikana imani ya Kiorthodoksi aliyobatizwa nayo akawa Mkatoliki. Kanisa hilo ndilo lenye mifupa ya Mtakatifu Nikola, ambaye Waorthodoksi wanamheshimu sana, mtakatifu mwenye jina la baba yake, yaani waliomchagulia mahali walijua wanachofanya. Tarehe 24 harusi, ya serikali ikulu ya Quirinale na ya dini kanisa la Santa Maria degli Angeli, lile lililojengwa ndani ya magofu ya bafu za Diocletian. Mama yake Milena hakwenda. Jelena akaacha kuwa Jelena kwenye karatasi, akawa Elena.

Na kitu ambacho msomaji wa Afrika hatakiwi kukosa: mwaka ni uleule wa vita ya Adwa. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia lilivunjwavunjwa na Menelik, Crispi akajiuzulu ndani ya siku chache, na mkataba wa amani na Ethiopia umesainiwa Addis Ababa Oktoba hiyohiyo ya harusi. Nchi iliyokuwa inampokea bibi harusi ilikuwa bado inazika, wala sherehe haikuwa ya makeke. Miaka 40 baadaye, 1936, mume wake anajitangaza mfalme mkuu wa Ethiopia, na binti wa Cetinje anaandikwa malkia mkuu wa nchi iliyowapiga mwaka alioolewa. Cheo hicho nimekiweka kwenye kisanduku chake kwa sababu kilikuwepo, ila nimekiandika "kwa nguvu ya uvamizi" na hapo sibadilishi.

Kikadi kilipojaa nikahamishia Adwa kwenye mstari wa miaka unaopita chini ya chati yote. Hii imetatua mengi, matukio makubwa yanakaa chini na kikadi kinabaki cha mtu.

Kwa kulinganisha nikaweka kikadi kidogo pia kwa Jutta wa Mecklenburg-Strelitz, aliyeolewa na Danilo 1899. Yeye alikuja Cetinje, akaingia Orthodoksi, akapewa jina Milica. Mnaona. Mwanamke ndo anayehama dini, iwe anaenda au anakuja.

23 Machi: Elena wawili kwenye picha

Picha nilizitafuta za zamani ambazo haki miliki zimeshaisha. Shida: ukitafuta Elena wa Savoia, yaani wa ukoo wa kifalme wa Italia, unaletewa wanawake wawili, wote warefu, wote kofia za manyoya, wote miaka ileile. Mmoja ni wetu. Mwingine ni Hélène wa Orléans, Mfaransa, aliyeolewa Juni 1895 na Emanuele Filiberto, mtawala wa Aosta, binamu wa mume wa Elena wetu. Waitaliano nao wanamwita Elena. Kuna picha inazunguka ya mama mwenye sare ya nesi, maelezo yanasema malkia Elena, kumbe ni yule wa Aosta ambaye aliongoza manesi wa Msalaba Mwekundu vita kuu ya kwanza, na kinachochanganya zaidi ni kwamba malkia naye aliligeuza jumba la Quirinale kuwa hospitali ya majeruhi mwaka 1915, kwa hiyo wote mnawakuta wodini.

Nilivyotatua: sitegemei maelezo ya chini ya picha, natafuta mume au mtoto aliye kwenye picha ileile. Akiwa na mwanamume anayemfika begani, ni wetu. Akiwa na watoto wawili wa kiume tu, ni wa Aosta. Picha ya mtu peke yake bila tarehe nimeiacha, hata iwe nzuri vipi.

Na huyo Hélène nimempa kisanduku kwa sababu nyingine. Mtoto wake Amedeo, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme kwenye makoloni ya Italia Afrika Mashariki, alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akaletwa Kenya mateka wa Waingereza, akafariki Nairobi 3 Machi 1942 na kaburi lake liko Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Mtu wa ukoo huu kalala Nyeri! Kwenye kikundi hili ndo limewafanya watu wasogee karibu na karatasi.

Gharama hatua hii: bando 15,000, nusu yake imeishia kwenye picha kubwa nisizotumia. Shusha kwanza picha ndogo ya kuangalia, ukishahakikisha ndo ushushe kubwa.

13 Aprili: watoto watano

Hii ilienda haraka. Yolanda 1901, Mafalda 1902, Umberto 1904, Giovanna 1907, Maria Francesca 1914. Kumbukeni kati ya harusi na mtoto wa kwanza ni karibu miaka mitano, na binti aliletwa kwa ajili ya uzao, kwa hiyo hiyo nafasi tupu kwenye chati sio tupu. Julai 1900 katikati yake baba mkwe, Umberto wa kwanza, anapigwa risasi Monza na Gaetano Bresci, na Elena anakuwa malkia akiwa bado hana mtoto.

Habari mbili nimezipa nafasi.

Giovanna kaolewa Oktoba 1930 na Boris wa tatu wa Bulgaria. Hapa historia imejirudia kwa kugeuka: mama alitoka Orthodoksi akawa Mkatoliki ili aolewe, binti ni Mkatoliki anaolewa na Mworthodoksi. Harusi ya Kikatoliki ikafungwa Assisi, Papa Pius wa 11 akiwa ametoa ruhusa kwa masharti, halafu walipofika Sofia ikafanyika ibada nyingine ya Kiorthodoksi kwenye kanisa la Aleksandr Nevsky, na mtoto wa kwanza alipozaliwa 1933 akabatizwa Kiorthodoksi. Papa alikasirika sana. Kwenye chati nimetumia rangi mbili za dini, bluu kwa Orthodoksi na njano kwa Katoliki, na mstari wa Jelena unabadilika rangi katikati ya bahari, pale Bari. Wa Giovanna unabaki njano lakini watoto wake wanatoka bluu. Mtu akisimama mbele anaiona bila kusoma hata neno moja. Kwa mimi hii ndo sehemu ya chati ninayoipenda kuliko zote.

Mafalda. Boris alifariki 28 Agosti 1943, Mafalda akaenda Sofia kumfariji mdogo wake na kuzika. Akiwa safarini huko Italia ikatangaza kuacha vita, tarehe 8 Septemba, mfalme na malkia wakakimbilia kusini. Mafalda kajitahidi akarudi Roma kwa ajili ya watoto wake, Wajerumani wakamwita ubalozini kwamba mume wake, Philipp wa Hesse, anataka kuongea naye kwa simu, wakamkamata hukohuko. Kapelekwa Buchenwald, akafariki mwishoni mwa Agosti 1944 baada ya kujeruhiwa kwenye shambulio la ndege. Nilikuwa na rangi ya alama ya kifo ya aina moja kwa watu wote, nikaona haifai, waliouawa au kufia kifungoni wamepata alama yao. Ni kwa Umberto wa kwanza, Mafalda, na Aleksandar wa Yugoslavia, mtoto wa Zorka. Amedeo pia kwa kufia mateka.

4 Mei: nchi ya baba inapomezwa na mkwe

Nilikuwa naliogopa hili na kweli limeleta shida. Zorka alifariki 1890 kwa uzazi, hakuwahi kuwa malkia. Mjane wake Petar akapata kiti cha Serbia 1903. Januari 1916 Austria-Hungary inaivamia Montenegro, Nikola anakimbilia Italia kwa mkwe wake na kisha Ufaransa. Vita inaisha, na 26 Novemba 1918 bunge la Podgorica linamvua Nikola kiti na kuiunganisha nchi na Serbia, ambako mfalme ni mkwe wake Petar na anayeshika usukani ni mjukuu wake mwenyewe, Aleksandar, mtoto wa Zorka, aliyezaliwa palepale Cetinje. Malkia Elena yuko Roma, mume wake yuko upande wa washindi, na baba yake hakurudi tena. Nikola kafariki Antibes 1 Machi 1921, Milena miaka miwili baadaye.

Kwenye chati unaonyeshaje kwamba mjukuu kachukua nchi ya babu? Nikajaribu mshale mwekundu kutoka Serbia kwenda katikati, ukawa unapita juu ya majina ya Ksenija na Vjera, hausomeki. Nikajaribu kufifisha kisanduku cha Nikola, ikaonekana kama wino umeisha. Kilichokubali: Montenegro pale katikati ina uzio mwembamba unaoizunguka, na upande wa Serbia uzio umekatika, pameandikwa 1918. Upande wa Italia umekatika pia, 1941, kwa sababu jeshi la mume wa Elena lilikalia nchi yake, likataka kuurudisha ufalme wa jina tu, mpwa wake Mihailo akaukataa, ufalme ukatangazwa 12 Julai bila mfalme na kesho yake nchi ikaamka na silaha.

Hapa niseme ninachoamini. Nikola alitumia mabinti zake kama ukuta wa nchi, na kwa miaka 30 ukuta ulisimama, fedha za Urusi ziliingia na heshima ilipanda. Lakini siku ya shida kila binti alikuwa upande wa ndani wa nyumba ya mume wake na hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua mlango. Elena alijaribu kwa baba yake kila alichoweza, na kikomo chake kilikuwa ni serikali ya Roma. Chati inayoonyesha ndoa hizi kama mafanikio tu inamwonea yeye na dada zake.

18 Mei: herufi zimegeuka visanduku

Nimepeleka faili la PDF kwa wapiga chapa wa mabango. Bango limetoka, rangi safi, halafu kila penye Petrović, Njegoš, Karađorđević pana kijisanduku cheupe katikati ya jina. Kompyuta yao haikuwa na fonti yangu, ikaweka ya kwake ambayo haina č, ć, đ, š, ž. Hawakukubali kurudia bure, wanasema faili ndo lilikuja hivyo. Hasara 36,000.

Namna ya kukwepa: kabla ya kutoa PDF, chagua maandishi yote kwenye Inkscape uyabadilishe yawe maumbo, hapo herufi zinakuwa michoro na hakuna kompyuta inayoweza kuzibadilisha. Hifadhi nakala ya faili yenye maandishi ya kawaida pembeni, kwa sababu ukishabadilisha huwezi tena kusahihisha tahajia. Halafu omba wakuprintie kipande cha A3 chenye majina magumu kabla ya bango zima. Nililipa 3,000 kwa kila A3 na ilistahili.

Kingine: njano ya Katoliki kwenye kioo inaonekana vizuri, kwenye bango inafifia ukiwasha taa ya chumba. Nimeipeleka karibu na rangi ya machungwa, sasa inaonekana.

1 Juni: ukutani

Limetundikwa. Fundi kaweka fremu ya mbao nyepesi na kulivuta bango lisifanye mawimbi. Gharama zote: manila na maka pen 10,000, bando 15,000, A3 za majaribio 12,000, mabango mawili 72,000, mbao na fundi 18,000. Jumla 127,000. Asiyepata ajali ya herufi atatoka na 91,000.

Vilivyoongezwa dakika za mwisho ni visanduku vya makaburi, maana watu waliuliza sana waliishia wapi. Vittorio Emanuele kaachia kiti 9 Mei 1946, miaka kumi kamili tangu ajiite mfalme mkuu wa Ethiopia, wakaenda Alexandria, Misri, akafariki huko 28 Desemba 1947. Tarehe 28 Desemba ndo siku ya tetemeko la Messina la 1908 pia, ambako Elena aliingia kwenye vifusi na meli za majeruhi akawa anafunga vidonda kwa mikono yake, na Messina wamemjengea sanamu. Baada ya mume kufa alihamia Montpellier, Ufaransa, akafariki Novemba 1952, akazikwa makaburi ya mji kama watu wengine. Desemba 2017 ndo wakaletwa wote wawili Vicoforte, kaskazini mwa Italia, yeye kutoka Ufaransa na mume kutoka Misri. Nikola na Milena walirudishwa Cetinje Oktoba 1989.

Mistari minne ya safari za makaburi nimeichora kwa nukta nukta, na imebidi niisogeze kisanduku cha Anna sentimita nne ili upite ule wa Alexandria. Anayetaka kuanza wake, aache nafasi ya makaburi tangu rasimu ya manila. Hatua inayofuata ni kuukuza upande wa Urusi, Milica na Stana, wanahitaji bango lao wenyewe, na hapo tarehe zote tunaanza kuzihesabu upya kwa siku 12 na 13.